Kilango cha Paka wa Bi Chausiku

Tulicheka msibani, mimi na Elieshi, mpaka mama mmoja wa kwaya akatukata jicho. Najua si adabu. Marehemu alikuwa mama yake mzazi, na kwangu alikuwa mama mwenye nyumba wa mwaka mmoja tu, lakini mwaka gani huo! Tulikaa mkekani nyuma ya turubai, vikombe vya chai mkononi, bibi wawili wenye magoti mabovu ambao hatukuwa tumeonana miaka nenda miaka rudi. Elieshi akaniinamia akaninong'oneza, "Siwema, unaukumbuka ule mkono?" Basi! Chai ilinitoka puani. Mbele huko wasifu ulikuwa unasomwa: alizaliwa wapi, alibatizwa lini, alitunza hazina ya akina mama kwa uaminifu. Yote kweli, sibishi. Ila jambo lenyewe lililonifanya nimpende mwanamke yule halikusomwa, kwa hiyo niliporudi nyumbani nilimwomba mjukuu daftari, nikaanza kuandika kabla sijavua hata kanga ya msiba. Habari za ukoo wetu, nani kamzaa nani, naziacha. Nataka kusimulia nyumba, na kilichokuwa chini yake.

Nyumba ilikuwa Gerezani, ukivuka barabara tu uko Kariakoo. Haikuwa nyumba ya Kiswahili kama za majirani. Hii ilikuwa ya mbao, mabati juu, ya zamani, ilijengwa kwa ajili ya watu wa reli, na aliyeijenga aliiinua juu ya nguzo fupi za mawe, kimo cha goti. Sijui aliogopa mafuriko au mchwa. Kwa hiyo chini ya sakafu kulikuwa na uvungu mpana sawa na nyumba yenyewe: giza, mchanga mkavu, ubaridi mtamu wakati wa joto. Mama Elieshi, mjane wa Kichaga, alikuwa ameachiwa nyumba hiyo na marehemu mumewe. Chumba cha mbele kilikuwa duka lake la mchele, maharage na unga. Cha pili alilala yeye na binti yake Elieshi, rika langu, aliyekuwa akisomea uuguzi. Cha tatu nilipanga mimi, mwenye miaka kumi na tisa, napiga msasa katika karakana ya ushirika wa maseremala hatua chache kutoka hapo. Msasa tu! Wanaume wanashika msumeno, wanashika randa, mimi nala vumbi miezi minane. Cha nyuma kabisa, kinachotazama uani, alikaa Bi Chausiku, mwanamke wa pwani aliyezidi miaka sabini, hana mtoto wala ndugu mjini, ana kitanda kimoja cha kamba, sanduku moja, na paka kumi na mmoja.

Mimi nilikula kwa Bi Chausiku. Ndivyo ilivyokuwa tangu wiki yangu ya kwanza, nilipomuunguzia sufuria nikijaribu kupika ugali wa unga wa njano, ule uliokuwa ukigawiwa kwa foleni, na yeye akaninyang'anya mwiko. "Toka hapa, mke mwenzangu, utatuua na njaa!" Tangu siku hiyo nikirudi kazini nakuta sahani imefunikwa kawa: mchicha wa nazi, au kunde, na siku ya neema kipande cha samaki changu wa kukaanga. Chumba chake kilinuka karafuu na mafuta ya taa. Tukishakula, alichukua mabaki, akatoka kizingitini, akagonga bakuli la bati kwa kijiko, ko-ko-ko, na hapo ungeona maajabu! Uvungu mzima unaamka. Wanatoka kwa safu: Foleni mbele, kwa sababu huyo hakuwahi kukosa nafasi ya kwanza, Mjumbe, aliyezunguka nyumba zote za mtaa akijua nani kapika nini, Bi Harusi, mweupe, mwenye maringo, ambaye wakati huo alikuwa amezaa watoto watatu huko gizani. Nilikuwa nacheka mwenyewe. Nyumba niliyotoka hapakuwa na mtu wa kucheka naye, na hilo nalo naliacha.

Sasa, paka kumi na mmoja chini ya duka la chakula, kazi ipo. Harufu ilipenya kwenye nyufa za mbao ikakaa ndani ya magunia. Viroboto wakapanda. Usiku madume wakipigana ungedhani kuna watu wanachinjana. Mama Eli alilalamika, akamwaga maji, akarusha ndala, lakini jambo lilikuja kuwa kubwa Jumatatu moja, bwana afya alipopita kukagua maduka, akainama, akamulika tochi uvunguni, akajiinua taratibu. "Mama, nakupa siku saba. Nikirudi Jumatatu ijayo nikamkuta paka hata mmoja chini ya chakula cha watu, duka nalifunga." Alipoondoka, Mama Eli alisimama mlangoni ameshika kiuno, midomo imemkauka. Jirani mmoja akamwambia dawa ni rahisi tu, sumu ya panya kwenye dagaa, asubuhi unazoa. Nilimwona Bi Chausiku akitoka chumbani kwake pole pole, akajishika kwenye nguzo ya uani.

"Mama Eli," akasema, "ukiwatilia sumu wale, mimi siku hiyo hiyo nafunga sanduku langu. Siwezi kulala juu ya maiti zao."

"Bi Chausiku, nami nifanyeje? Duka likifungwa mwanangu atasoma kwa fedha gani?"

Hakuna aliyekuwa na kosa, na hilo ndilo lililonichanganya kichwa. Ahamie wapi bibi yule? Na duka likifungwa, Mama Eli na mwanawe wangekula nini? Nikasikia mdomo wangu unasema kabla kichwa hakijaamua, "Mama, nipe mpaka Jumapili. Nitawatoa wote. Wazima."

Mama Eli akanitazama juu mpaka chini. "Utawatoaje? Utawaandikia barua?"

Loo, wiki ile! Sijawahi kuishi hivyo tena. Nilikuwa sina raha ya kulala kwa mawazo, na yalikuwa mawazo matamu. Mimi na Elieshi tulizunguka nyumba nzima kwa magoti tukihesabu matundu kati ya nguzo. Yalikuwa ishirini na mawili, makubwa na madogo. Kuziba yote si shida. Shida ni kuziba huku wao wako ndani, wafe kwa njaa na kiu, au kuziba wakiwa nje, kumbe wawili wamebaki. Ndipo nilipoifikiria ile nafasi kubwa ya upande wa uani, ya mtu kuingia kwa kutambaa. Nikasema hapo naweka ubao, na katikati ya ubao nakata kilango kidogo kinachofunguka kwa nje tu. Paka akisukuma kutoka ndani, kinanyanyuka, anatoka. Akitaka kurudi, kinagonga kipande cha mbao nilichopigilia kwa ndani, hakiendi. Mtu atoke apendavyo, kurudi hakuna! Sikuwa na bawaba, basi nikakata ukanda wa mpira wa tairi kwa mafundi wa makubazi. Mbao niliokota mabaki ya karakana, na Fundi Athumani, mkubwa wetu, alinikuta mchana wa saa ya kula nimeshika msumeno wake. Nilidhani atanifukuza. Akanitazama nikikata, akasema, "Usiukandamize. Uache meno yafanye kazi," akaenda zake. Waya wa kuziba matundu mengine alitupatia Mzee Harilal, Mhindu wa duka la vifaa vya ujenzi. Nilipomweleza akazunguka nyuma ya kaunta mwenyewe, akaanza kukunjua mabaki ya waya wa kuku. "Chukua, binti, chukua huu wote. Kuua kiumbe kwa ajili ya tundu! Tundu si unaziba tu?" Upande wa pili wa ua, kwenye banda la kuni, tukapanga masanduku na magunia makuukuu, hayo ndiyo makazi mapya, na Bi Chausiku akaahidi hatagonga bakuli mahali pengine isipokuwa huko.

Tatizo lilikuwa balozi. Mzee Kitwana, balozi wetu wa nyumba kumi, alikuwa mtu mwema kupita kiasi, na hakuna jambo lililotokea mtaani likaachwa liwe la mtu mmoja. Alipopata habari akaitisha kikao. Nakwambia kweli, tulikaa kikao cha paka! Katibu anaandika. Akasimama akasema, "Ndugu wananchi, paka hawa wanakula kwetu sote, basi watatolewa na sisi sote." Makofi. Akagawa kazi: kila nyumba na upande wake wa kuziba, matundu haya nyumba namba mbili, haya namba tano, na nyumba itakayomaliza kwanza itatajwa kwenye mkutano wa tawi. Nilitaka kusema kwamba lazima kuwe na utaratibu, tundu gani lianze, lipi liishie, nani aangalie. Lakini watu walikuwa na furaha mno, na mimi mwenyewe nilikuwa nimevimba kichwa. Makofi yale niliyaona yangu.

Jumapili ikafika. Mama Eli na Elieshi walikwenda ibada ya kwanza wakarudi. Tulikubaliana kazi ianze saa nne, na kabla ya hapo mimi niingie uvunguni kuwatoa watoto wa Bi Harusi, kwa kuwa hawakuweza kusukuma kilango wenyewe. Saa tatu unusu nikajifunga kanga kiunoni, nikachukua kikapu, nikamwambia Elieshi, "Kaa hapa mlangoni, usiondoke." Nikaingia kwa tumbo. Kulikuwa na baridi humo, na buibui, na nuru nyembamba ikishuka kwenye nyufa za sakafu. Bi Harusi alinikoromea kidogo, akaniacha. Watoto watatu, laini, wana joto, macho hayajafunguka vizuri, nikawaweka kikapuni mmoja mmoja. Sasa ndipo niliposikia filimbi ya balozi. Saa tatu na dakika arubaini! Watu wamewahi! Kila nyumba imekuja na nyundo yake, na kila nyumba inataka kutajwa tawini. Elieshi, nilikuja kujua baadaye, alikuwa ameitwa ndani na mama yake kubeba birika la chai la wageni. Nyundo zikaanza pande zote mara moja, na wimbo wa kazi juu yake, akina mama wanaitikia kwa vigelegele. Nuru upande huu ikazimika. Upande ule ikazimika. Paka wote wakakimbilia kona moja wakajikunyata. Nami nikageuka na kikapu changu, nikaona ubao wangu mwenyewe, kilango changu mwenyewe, unasimamishwa kwenye nafasi niliyoingilia, na misumari inapigwa. Nikapiga kelele mpaka koo likauma. Nani asikie?

Sikuogopa sana mwanzoni. Nilikasirika, halafu nikaanza kucheka pale gizani, fundi kafungiwa na mlango wake. Kisha nyundo zikatulia kidogo, na juu yangu, dukani, nikasikia kiti kikiburutwa na sauti ya Mama Eli.

"Balozi, nikwambie ukweli. Mimi vilango siviamini. Nimewatangulia."

"Umewatangulia vipi?"

"Kuna ubao unalegea pale kona ya magunia. Alfajiri, kabla ya kwenda kanisani, nimeshusha sahani ya dagaa. Nimetia ile dawa."

Balozi akaguna. Halafu, "Siwema anajua?"

"Yule mtoto atalia. Bwana afya anakuja kesho, balozi. Kesho! Nina sala gani nyingine?"

Tangu alfajiri! Nikaanza kuangalia huku na huku, na kwa kuwa macho yalikuwa yameshazoea giza, niliiona: sahani nyeupe ya bati, mbali, chini ya duka, imejaa. Walikuwa wameila? Sikuweza kujua; labda harufu ya dawa ilikuwa imewatia shaka, labda walikuwa wameshaonja. Na wakati huo huo, huko uani, Bi Chausiku, mwaminifu kwa saa, akaanza kugonga bakuli kwenye banda la kuni kama tulivyopanga. Ko-ko-ko. Kona nzima ikaamka. Mikia juu, njaa ya tangu jana, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia asiwape chakula Jumamosi ili watoke haraka! Njia yao ya kwenda kwenye kilango ilipita pale pale penye sahani.

Nilitambaa sijui kwa kiungo gani, viwiko, magoti, kidevu. Nikafika nikajilaza juu ya sahani ile kifudifudi, nikaanza kukomba dagaa kwa mikono miwili nikifunga kwenye ncha ya kanga, huku wananipanda mgongoni, wananilia masikioni. Foleni, nani mwingine, akachomoa mmoja. Nikamkamata shingo, nikamtia kidole mdomoni, nikamtoa dagaa yule kati ya meno yake. Akanirarua mkono hapa, chini ya kiwiko. Sikusikia maumivu hata kidogo, nilikuwa nalia na kumwambia, "Tema, mshenzi wewe, tema, nakupenda!" Akatema. Kisha nikakokota kikapu kwa mkono mmoja na kanga kwa mkono mwingine mpaka kwenye ubao, nikaingiza mkono wangu kwenye kilango, wote, mpaka begani, vumbi na damu, nikaupunga.

Basi, huo ndio mkono alioukumbuka Elieshi. Kwanza wimbo ukakatika. Halafu mama mmoja akasema, "Mama yangu wee, jini!" na nyumba zote kumi zikatimua mbio. Nyundo zilitupwa, birika likamwagika, katibu aliruka ukuta na daftari lake. Elieshi peke yake ndiye aliyeitambua bangili yangu. "Ni Siwema! Jamani, mmemfungia Siwema!" Wakarudi wakibishana ni nyumba namba ngapi iliyopiga misumari ile, na kila nyumba, ambayo dakika tano nyuma ilitaka kutajwa, sasa ikawa haikuwapo. Nikwambie mapema, usikae roho juu: duka halikufungwa. Na Jumanne Fundi Athumani alikuja kukiangalia kilango, akakinyanyua kwa kidole, kikaenda, kikarudi, akaniambia kesho yake niache msasa, nije kwenye meza ya randa. Miaka arubaini nimetengeneza milango. Lakini hayo ni ya baadaye, na Jumapili ile sikuyawazia kabisa.

Wakang'oa ubao, nikatoka. Elieshi akapokea kikapu. Mama Eli alikuwa amefika mlangoni mwa ua akicheka na wenzake, gauni lake la bluu la kanisani, kola nyeupe, na nilimwendea moja kwa moja nikamwekea ile ncha ya kanga mkononi. Alipoisikia ilivyo nyevunyevu, alipoinusa, kicheko kikamkatikia mdomoni.

"Ulikuwa chini ya duka," akasema polepole.

"Ndiyo, mama."

"Wamekula?"

"Sijui. Sijui, mama."

Ubao ukarudishwa. Bi Chausiku, asiyejua lolote, akagonga tena bakuli lake, na kilango kikafanya kazi! Kikanyanyuka, kikatoa pua, kikatoa masikio. Foleni, wa kwanza. Watu wakapiga makofi. Bi Harusi. Mjumbe. Mtaa mzima ukawa unahesabu kwa sauti moja: nne! tano! sita! Mimi nilikuwa nawatazama miguu, nani anapepesuka, nani anatoa povu. Mama Eli kasimama kando yangu, nasikia pumzi zake. Tisa! Kumi! Halafu kilango kikatulia. Tukangoja. Bi Chausiku akagonga, akangoja, akagonga tena.

"Karani hajatoka," akasema. "Yule dume jeusi. Karani, baba, njoo!"

Hakuna kitu. Mtoto mmoja akacheka, akanyamazishwa. Mama Eli akavua viatu. Akafungua kitambaa cha kichwa, akaniwekea begani kama mimi ni kamba ya kuanikia. Akachukua nyundo mikononi mwa balozi, akaung'oa ubao mwenyewe, misumari minne.

"Mama, unafanya nini?" Elieshi akauliza.

"Niache."

Alikuwa mwanamke wa mwili. Akapiga magoti kwenye mchanga, akalala kifudifudi na gauni lile, akaanza kuingia. Tuliona nyayo zake zikipotea. Tulisikia kitambaa kikipasuka kwenye msumari, na kichwa kikigonga boriti, na kisha sauti yake, sauti ambayo mwaka mzima haikuwahi kumwita paka kwa jina: "Karani! Karani, mwanangu! Uko wapi, baba? Nakuomba. Karani!" Watu wa nyumba kumi wamesimama, hakuna anayeelewa, isipokuwa mimi na balozi, ambaye alikuwa anatazama chini. Nilisali kwa maneno yote niliyoyajua. Kisha mlio mmoja mkali, na mparangano, na Mama Eli akapiga ukelele ambao naamini ulifika hadi sokoni.

"Yu hai! Jamani, yu hai! Ananing'ata!"

Nililia, nasema wazi, nililia na kuruka ruka na Elieshi tumeshikana mabega. Alitoka kinyumenyume, gauni limechanika mpaka kiunoni, nywele zimejaa buibui, na dume jeusi kifuani, zima, lina hasira, linamrarua mikono yote miwili. Hakusimama hata kidogo. Alikwenda kwa magoti hivyo hivyo mpaka mbele ya Bi Chausiku.

"Niliwawekea sumu," akasema, kwa sauti ya kusikika. "Leo alfajiri. Huyu mtoto ameitoa. Nisamehe, Bi Chausiku."

Bi Chausiku akaweka bakuli chini, akashika upindo wa kanga yake, akamfuta vumbi usoni, paji la uso kwanza, halafu mashavu.

"Mwachie sasa, mwenzangu," akamwambia. "Atakumaliza mikono."

"Bado kidogo," Mama Eli akasema, na akazidi kumkumbatia Karani.